Kitanda kilichopasukia Kasese: nilivyopanga chumba changu cha kwanza ili mama anipe mtoto wangu

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wenzangu mambo vipi. Leo nimekuja kujisifu. Nitasema ukweli wote, pamoja na pale nilipokuwa mjinga.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 27, niko Rukoki nje kidogo ya mji wa Kasese, Uganda. Miaka minne nimelala sebuleni kwa dada yangu. Binti yangu Masika, ana miaka sita, alikuwa Bwera kwa mama yangu, karibu na mpaka wa Kongo.

Mwaka jana nikapata muzigo wangu. Kwa wasiojua, ni chumba kimoja cha kupanga. Mabati juu, dari hakuna. Ukiingia saa saba mchana unaiva kama ndizi.

Siku hiyohiyo nikampigia mama simu kwamba nakuja kumchukua mtoto. Mama ni mtu wa sokoni, hana maneno mengi.

"Iko na kitanda?"

Nikamwambia kuna mkeka.

"Mutoto hatoki hapa kwenda kulala chini. Weka kitanda kwanza, ndiyo nikuje nione."

Iliniuma sana wakuu. Mimi ndiye niliyemzaa, halafu naulizwa kitanda! Nililia, nikamaliza, nikaanza kazi.

Kabati nilipanga kreti za soda zilizochakaa, nikazifunga kwa misumari. Pazia ni mabaki ya vitenge vya wateja (niliwaomba, msianze). Mito ya kukalia nilishona mwenyewe, nikajaza vipande vya nguo. Sahani nilichukua kwa mama mmoja Mkongo sokoni, kila moja na rangi yake. Nikitoka kanisani Jumapili nilikuwa nasimama mlangoni naangalia tu. Jirani akauliza kama nimepoteza funguo.

Sasa tuje kwenye kitanda.

Nilienda Bwera siku ya soko. Kuna mzee mmoja seremala kutoka Butembo, anafanya kazi upande huu wa mpaka. Nikaona kitanda kizuri, na bei yangu inafika. Nikamwambia nafunga mzigo, nakipeleka Kasese.

Mzee akatikisa kichwa.

"Mama, hii mbao iko mubichi. Imetoka kule mulimani kwenye baridi. Kasese joto iko mingi, itapasuka. Unipe miezi mbili."

Wakuu, mimi nikajiona mjanja. Nikasema moyoni, huyu anataka kunisukumia kile cha bei kubwa pale pembeni. Nikalipa, kitanda kikapanda pick-up ya mihogo, nikaondoka natabasamu peke yangu.

Wiki ya tatu, mchana, nimekaa nakata sketi ya mteja. Nikasikia KAA! Nikadhani jiwe limeanguka juu ya bati. Kumbe ubao wa kichwani umepasuka toka juu hadi katikati. Nikagusa miguu, inacheza yote. Misumari imebaki inaning'inia kwenye matundu yake.

Na mama nilishamwambia kitanda kipo.

Nilirudi Bwera nimejaa hasira, nimepanga na maneno ya kumtukana. Mzee alikuwa anakula. Akanitazama, akanisogezea kigoda.

"Imepasuka?"

"Imepasuka."

"Basi kaa, ukule kwanza."

Hasira zote zikaniishia, nikabaki na aibu. Nilikula ugali wa muhogo wa watu.

Tulipomaliza akanifundisha, na hili andikeni mahali. Nikifungue kitanda chote. Mbao nizipange ndani ya chumba kilekile zitakamoishi, kila moja na kipande cha mti katikati ili hewa ipite. Nizigeuze kila wiki. Zikimaliza kukauka, nisitumie misumari tena, nitumie bolti.

"Mbao ikikonda, unakaza. Musumari haukazwi."

Nikafanya hivyo. Miezi miwili na nusu nimelala kwenye mkeka na rundo la mbao pembeni. Mama akipiga simu kuuliza kama aje, nasema cherehani imenibana. Masika naye akiuliza nitamchukua lini, nasema karibuni. Hapo ndipo palikuwa pagumu.

Mwishowe nikaazima kekee na spana kwa fundi baiskeli. Nilitoboa, nikaunga, nikakaza mwenyewe, malengelenge mikono yote. Ule ufa nikauziba kwa gundi na unga wa mbao.

Mama akaja na Masika. Akashika pazia, akachungulia kabati la kreti. Akafika kitandani, akakitikisa kwa mikono miwili kama anagombana nacho. Hakikutoa hata mlio. Akapitisha kidole kwenye ufa.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza yote, mpaka uongo wa cherehani. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavua viatu, akajilaza kujaribu, na wakuu, akalala usingizi. Saa nzima anakoroma juu ya kitanda nilichokikaza mimi! Nilisimama pale nimevimba kwa fahari, nilitamani niwaite majirani.

Alipoamka akafunga kitenge chake, akachukua mkoba.

"Mimi narudi peke yangu."

Alisema hilo tu. Mfuko wa nguo za Masika aliuacha mlangoni. Kumbe alikuja nao kutoka Bwera.

Nilichojifunza: kama bajeti ni ndogo, usione aibu kukaa na chumba nusu. Na fundi akikuambia subiri, msikilize, maana anayetaka pesa yako ya leo hakuambii hivyo.

Wenye vyumba vya kwanza, mlianza na nini? Na nani mwingine kapasukiwa na mbao za mpakani? Semeni, nisionekane mjinga peke yangu.

Mnisamehe kama nimekosea herufi. Kuna mtu anaruka juu ya kitanda hapa tangu nianze kuandika, na sina mpango wa kumkataza.