Rimu za Okech

Juzi nilipita Kibuye nikakuta kijana anabembelezwa anunue rimu za kung'aa za kigari chake kikuukuu. Nilishindwa hata kusimama pale.

Sisi pia tulikuwa na kigari kama hicho. Baba alitaka kipendeze kwa harusi Maseno, akapitia kwa Okech, muuzaji wa rimu, mimi na mama tukiwa ndani. Palinuka grisi na samaki wa kukaanga. Okech alijaribu rimu, ikakataa. Mashimo yake hayakulingana na bolti za gari.

"Mzee, nitapanua mashimo kidogo," Okech alisema. "Itaingia tu."

"Baba Atieno, rudisha zile za zamani," mama akasema. "Kitu ikikataa, si imekataa?"

"Wewe umejua magari lini?" Baba akamjibu, na Okech akacheka naye.

Okech akakwangua mashimo kwa tupa. Chuma kililia mpaka meno yakaniuma, na unga wake ulimetameta. Mimi nilidhani ni fedha, nikajaza mfukoni.

Njiani gari ikaanza kutetemeka. Nilifikiri inacheza kwa sababu ya harusi. Sasa najua ni nati zilikuwa zinalegea. Halafu tairi moja likatupita mbele, nikapiga makofi, nikidhani ni la watu wengine. Lilikuwa letu, la upande wa mama.

Mama hakufika hospitali.

Mpaka leo kwetu wanaiita ajali. Ajali gani? Okech alijua, na Baba aliambiwa.