Kahawa ya Askari Haikunipa Ujasiri

Ninyi mnaonijua leo kwa sauti hii kubwa mtacheka, lakini kuna mwaka niliogopa hata kengele ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa sita. Baba alikuwa askari, tuliishi kambini Kamina, na kwa kuruka kamba hakuna aliyenifikia.

Asubuhi moja malori yalimchukua Baba nikiwa usingizini. Hakuniaga. Alirudi baada ya miezi miwili, mzima kabisa, ila mwili wangu haukuamini. Nikisikia lori, au hata kengele ya shule, moyo ulienda mbio, viganja vililowa jasho, tumbo likanikata. Niseme wazi: niliharisha palepale uwanjani, wenzangu wakiimbia bendera. Nikakimbia nyumbani, na siku zilizofuata nikakimbia tena.

Mama alikuwa na dawa yake. Askari wakienda zamu walikunywa kahawa nzito yenye sukari nyingi, naye aliamini ushujaa umo humo. "Kunywa, utakuwa na nguvu sawa baba yako," alisema. Nikanywa kikombe kizima kila asubuhi, bila kitu kingine. Nilipozidi kutetemeka, akaniongezea cha pili! Simlaumu. Alinipa walichokunywa wanaume.

Nikakonda, usingizi ukanihama. Mkurugenzi wa shule akamwita Baba: "Sitwayen," yaani mwananchi, "mutoto akikimbia tena, hatafanya mutihani. Atarudilia mwaka."

Baba akanipeleka zahanati kwa Mama Ngoie, muuguzi asiye na haraka. Akavuta kope zangu chini, akaona ndani peupe.

"Asubuyi unakulaka nini?"

"Kawa, mama."

"Kawa na nini?"

"Kawa tu."

Akamgeukia Baba. "Kawa inafukuzaka usingizi ya basoda, askari ya zamu. Haiko dawa ya woga. Huyu mutoto iko na damu kidogo, na tumbo haina kitu. Mumupe hii vidonge, uji ya karanga, maharagi, sombe ya majani ya muhogo na samaki ya Kinkondja. Lakini chakula peke yake haitatosha. Weye, baba, ulishamuuliza iko anaogopa nini?"

Nyumbani Baba aliketi nami mlangoni, akaniuliza.

"Naogopa nikilala, utaenda."

Akaangalia viatu vyake. "Minyi njo nilikimbia," alisema, yaani yeye ndiye aliyekimbia, si mimi. "Niliogopa kukuona unalia."

Mama alinuna siku mbili, halafu akachukua kinu akatwanga sombe. Sitawadanganya, sikupona kwa wiki moja. Mama Ngoie alinifundisha kuweka mkono tumboni na kutoa pumzi polepole, nami nilifanya hivyo kila kengele ilipolia. Kidogo kidogo damu ikarudi, tumbo likatulia, nikaanza kulala.

Malori yakaja tena, wiki ileile ya mtihani. Safari hii Baba aliniamsha. Tulikula uji pamoja, kahawa yake ikapoa pembeni. "Ninaenda, mwana yangu," alisema. Nililia, naye akalia. Malori yalipoondoka niliweka mkono tumboni, nikatoa pumzi polepole, nikamaliza bakuli, nikaenda shule, nikaandika mpaka swali la mwisho. Nilifaulu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Ngoie, namshukuru mama yangu aliyekubali kubadilisha dawa. Wazazi, mtoto akitetemeka hivi, mpelekeni zahanati, na muulizeni amekula nini. Na ukisafiri, mwamshe kwanza umuage, hata kama atalia.