Nyumba ya Mama Nyundo Kabla ya Mnada

Kwa miaka kumi na tisa Mama Nyundo alinunua, na kuuza tena ghalani mwake, vitu vya waliofilisika: makochi, friji, vitanda vya watoto, hata milango ikiwa bado na bawaba zake. Jina alipewa na madalali, kwa kuwa mnadani hakufungua mdomo mpaka nyundo iwe hewani. Muflisi kwake alikuwa mtu aliyeshindwa hesabu za darasa la pili, halafu akaenda kuomba karatasi ya mahakama imtakase.

Kwa hiyo barua ya benki ilipofika, ikisema nyumba yake mwenyewe itapigwa mnada baada ya siku thelathini, hakulia. Alimtazama mumewe. Huyu alikuwa karani mstaafu, mtu wa kuvaa tai hata nyumbani, aliyemshawishi waiweke nyumba rehani ili wapandishe ghorofa yenye nguzo nne mbele. Nguzo zilisimama, paa halikufika, na uzito wa ujinga ule ukapasua ukuta wa sebule. Ufa ulipitisha kidole. Wakatundika kalenda juu yake.

Mume akaja na dawa: wajitangaze muflisi, ana wakili anayemjua. Mama Nyundo akaenda, akaketi kwenye kiti ambacho yeye asingekinunua hata kwa nauli ya kukibeba, akamsikiliza kijana wa watu akisifia ufilisi kama anauza godoro. Benki itakaa pembeni, simu za wadai zitakoma, watapumua.

"Wakili, itazuia mnada au itauchelewesha?"

Wakili akazipanga kalamu zake. "Itauchelewesha, mama. Nyumba iko rehani."

"Na ghala langu?"

Ghala, akakiri, litaorodheshwa na mali nyingine zote, na mtu wa mahakama ataweza kuliuza. Yaani nyumba ingeondoka polepole na riziki haraka, tena kwa kulipia ada. Mama Nyundo akamuaga kwa adabu kubwa kuliko aliyostahili.

Siku ya tatu akaja Mzee Mizani, mnunuzi mwenzake wa minadani, na pole tele mdomoni. Alisema pole huku akikagua dari. Alisema Mungu yupo huku akigonga fremu ya dirisha kwa ukucha. Mama Nyundo nusura acheke. Pole za namna hiyo alishazitoa mwenyewe katika nyumba za watu, macho yakiwa darini vilevile. Akajua wanunuzi wameshakaa kikao: mmoja atataja bei, wengine watanyamaza, faida wagawane baadaye. Nyumba ingekwenda kwa bei ya banda la kuku, na deni lililobaki lingemfuata mpaka ghalani.

Akamwongezea chai. Kisha, kama aliyekumbuka jambo dogo, akasema Muuza Mbao, mwenzao wa minadani, alipita jana, peke yake, na futi ya kupimia. Anataka kununua kabla ya mnada.

Kikombe cha mzee kikasimama njiani. "Peke yake? Si tulikubaliana..."

"Mlikubaliana nini, kaka?"

Mzee akataja bei. Mama Nyundo akamuuliza kama hiyo ni ya nguzo moja. Kufikia kikombe cha tatu walikuwa kwenye bei ya kumaliza deni lote na kubakiza cha kujengea vyumba viwili nyuma ya ghala. Muuza Mbao, masikini, alikuwa hajakanyaga mtaa ule mwezi mzima. Benki, isiyojali pesa imetoka mfuko wa nani, ikalipwa na kuachia hati.

"Watu watasemaje?" mume akalalamika, akifunga tai ya kuhamia.

"Watasema tumehama."

Mizigo ilipokwisha kupakiwa, mume akarudi ndani kuchukua kalenda ya sebuleni. Mkewe akamshika mkono.

"Iache hapo, baba. Mwezi haujaisha."