Sikandwi

Siku ya tano tangu nitoke hospitali, shangazi alinijia nyumbani Junda na sufuria ya maji ya moto, majani ya mwarobaini yakielea juu. Leso kajifunga kiunoni, mikono ya gauni kaikunja. Nikajua mara moja.

"Lala nikukande."

"Shikamoo kwanza, shangazi. Na sikandwi."

"Marahaba. Haya, lala."

Shangazi amekanda wazazi wa mtaa mzima. Kwake yeye, mwanamke akiwa kitandani dawa yake ni maji ya moto na mikono. Lakini mimi safari hii sikuzaa. Nilikatwa titi la kushoto, na ubavuni mpira ulikuwa bado unatoa maji mekundu kwenye kichupa. Muuguzi alinionya: kidonda kisiguswe na maji, na mkono niuzoeze kidogo kidogo, la sivyo utakakamaa. Mkono huo ndio ninaosukia watu nywele. Ukikakamaa, nimekwisha.

Nikasimama mbele ya ukuta, nikaanza kupandisha vidole kama nilivyofundishwa. Vilipofika usawa wa bega, machozi yakanitoka.

"We mwana, una wazimu? Mgonjwa hulala!"

"Basi atalala mwingine, si mimi."

"Kiburi hicho kitakuua."

Hapo nikapandwa na hasira. "Kiburi? Shangazi, kile kivimbe ulikikanda wewe! Miezi minne tangu nimwachishe mtoto ziwa, unaniambia maziwa yameganda. Nami nikakuamini, mjinga mimi!"

Wallahi, sikupanga kulisema. Wala sikujuta. Kwa mkono wa kulia nikafungua vifungo vya gauni, nikamwonyesha bandeji, na ubapa ulio chini yake, na mpira.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka, akayamwaga maji uani, akarudi kuketi ukingoni mwa kitanda. Nilidhani atalia au atanilaani. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Kesho nina mzazi wa kumkanda, nyumba ya hapo nyuma," akasema polepole. "Ana kijivimbe. Nimemwambia ni maziwa."

Mkono wangu ulikuwa bado ukutani. Nikaushusha.

"Humkandi. Tunakwenda kwake sasa hivi, mimi na wewe. Akibisha kwenda hospitali, nitamfungulia gauni hili hili aone."

Shangazi akainuka, akanifunga vifungo.