Vipande vya Mbao Mbele ya Mdogo Wangu

Nilipaswa kukataa kumpima mdogo wangu. Mzungu niliyemfanyia kazi hapa Élisabethville, aliyepima akili za watu waliotaka kufundishwa mitambo ya mgodi, aliniuliza kama ningeweza kumsimamia ndugu yangu bila upendeleo. Nilijibu haraka, "Ndiyo, monsieur," kwa sauti ya mtu anayetaka kusifiwa. Karani mwenzangu angeweza kushika saa. Sikumtaja.

Tulikuwa na majaribio mawili. La karatasi lilitoka Ulaya, likafanywa na vijana wa Kizungu. Humo mlikuwa na picha ya nyumba isiyo na bomba la moshi, na aliyeona kasoro alipata alama. Nililijaribu kwa siri, sikuona kasoro yoyote. Nyumbani kwa mama moshi ulipita kwenye nyasi za paa. Jaribio letu sisi weusi lilikuwa vipande vya mbao vya rangi, vya kupangwa vifanane na mchoro. Mzungu alisema halina maneno, kwa hiyo halimwonei mtu. Lakini lilikuwa na saa. Halafu alama za majaribio hayo mawili alizilinganisha kama mahindi yaliyopimwa kwa kopo moja, akatangaza kwamba sisi ni wazito wa kufikiri. Mimi nilitafsiri na kuitikia.

Mdogo wangu alitoka Mitwaba, amechoka na jembe, anataka ufundi ili aoe. Aliponiona na koti jeupe akacheka, akaniita yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu.

"Eh, yaya! Leo uko munganga? Usinichome sindano!"

"Kaa. Anza."

Alipanga vipande upesi kuliko wote niliowahi kuwapima. Kisha akaweka mikono magotini, akainamisha macho. Kanuni ilisema saa haisimami mpaka mtu atamke kwamba amemaliza. Nilijua pia adabu ya kwetu: mdogo hamtangazii mkubwa wake kwamba kazi imekwisha. Hunyamaza, mkubwa akaangalia, akasema, "Basi." Baba alitulea hivyo shambani, na msemaji wa "Basi" nilikuwa mimi.

Mzungu alisimama nyuma yangu. Saa ikaendelea. Nilinyamaza, na mdogo wangu akaningoja. Muda ulipokwisha nikaandika kwamba ameshindwa.

Uani, waliongojea zamu yao wakamtania: "Kumbe akili ya muntu iko mu saa!"

Hakucheka. "Yaya, nilimaliza. Ulikuwa unaona."

"Ulipaswa kusema."

"Nikuambie weye? Mi nani?"

Alipewa sepetu, akapakia mawe kwenye behewa msimu mmoja, akarudi Mitwaba. Mchumba wake alikwisha kuolewa. Mimi nilipandishwa cheo. Tulipomzika mama alinipa mkono kama anavyompa mgeni, na watoto aliowapata baadaye hakuwafundisha kuniita baba mkubwa. Alikufa hatujasemezana. Sikuwa na ndugu mwingine.