Dhahabu za Kuazima

Zakiya wa Kibokoni aliishi kwa kuwapaka mabibi harusi hina na rangi nyeusi ya piko, na mkono wake haukujua kutulia. Akikosa mguu wa kupamba, alichora watu. Siku aliyoitwa kumpamba binti wa nyumba moja Kizingo, alikuta mezani kitabu cha picha za dhihaka za Ufaransa ya zamani: mabibi wa kitajiri wenye nywele zilizorundikwa hadi darini, watumishi wakipanda ngazi kuzichana, na mabwana vitambi mbele, pua juu. Alicheka mpaka akaharibu ua moja la hina.

"Hawa mbona nawajua?" alijisemea.

Jioni akamchora jirani yake Bimdogo, mjane ambaye hakukosa safu ya mbele katika harusi yoyote. Alimtilia mnara wa nywele, na juu yake mikufu na vikuku, kila kimoja na kikaratasi: "Cha fulani, kirudi Jumatatu." Akamtumia shoga yake Ruweida kwa simu, wacheke wawili tu. Ruweida akaitupa kwenye kundi la wanawake wa mtaa.

Harusi iliyofuata, Bimdogo alikuja shingo tupu, akaketi mlangoni karibu na viatu. Hakuna aliyemwambia asogee mbele. Zakiya, mkono wa bibi harusi mapajani, alishindwa kuinua macho.

Kesho yake alikwenda kwa Bimdogo kupiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Ikaja chai na kaimati. Zakiya aliishika kaimati ya kwanza, akairudisha sahanini.

"Mama, ile picha..."

"Najua ni yako," Bimdogo alisema taratibu. "Kuwa naazima, nilikwambia wewe peke yako, siku ile unanipaka miguu. Dhahabu zangu ziliishia kwenye matibabu ya marehemu mume wangu. Nilitaka tu watu wasinionee huruma."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini mjukuu wangu akiolewa, tutamwita mpambaji mwengine."

Akamwongezea chai.

Zakiya alimsihi Ruweida aifute ile picha, akaifuta, lakini ilikuwa imeshatapakaa. Kazi anaendelea nayo. Ila siku hizi, mteja akianza kumwambia ya nyumbani kwake huku hina ikikauka, Zakiya hunyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.