Nilivyomwita Sangara Mkuyuni

Bado nina hasira, na zaidi najikasirikia mwenyewe. Niliacha shule mapema, nimezurura miji mingi, na hivi karibuni Mama Koku alinipa kazi kwenye kibanda chake cha video hapa Mkuyuni.

Kuna tovuti ambako watazamaji huweka alama kwenye sehemu za tamthilia walizomaliza, kisha hubishana. Huko mtu aliyejiita Sangara alikuwa akisimulia mwisho wa kila sehemu kabla hatujaionyesha. Wateja wakapungua. Mama Koku akaniambia, "Wasiporudi, na wewe nenda."

Nikachemka, nikamwandikia Sangara: "Mpumbavu wewe, huna mke akupe kazi? Kama mwanaume, njoo kwenye kibanda cha video Mkuyuni Jumamosi!"

Jumamosi Mama Koku akaja na mzee mwenye fimbo. "Msalimie baba yangu. Ndiye hutangulia kutazama, anatuambia pa kuruka watoto wasione aibu."

Nikainama. "Shikamoo, babu."

Alivaa miwani, akanikagua taratibu.

"Sangara nimefika. Mke wangu alishafariki, kijana. Hiyo kazi nipe wewe."